Tunakemea giza, lakini tunamkemea nani? Uzi kwa Wakristo wa Moshi na Arusha

Mwana wa Machame (mtoa mada)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, nimeona nililete hapa tulijadili kwa Maandiko. Ukipita Pasua au Majengo usiku wa Ijumaa utasikia spika za mkesha: "Toka, giza! Shindwa, nguvu za giza!" Sina ugomvi na mkesha, nimelelewa humo. Ninachouliza ni nani anayesimamishwa mbele kila tunapotaja giza. Ni mjane aliyefiwa ghafla. Ni binti aliyefika miaka thelathini na kitu hajaolewa. Ni kijana mwenye kifafa, au mama aliyejifungua juzi na sasa hali wala halali, analia tu. Ni mtu ambaye duka lake limefungwa. Hao ndio tunaoambiana kwa sauti ya chini kwamba "wana giza".

Yule aliyemdhulumu mdogo wake kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, anakaa kiti cha mbele. Jumapili anasoma somo.

Ninaamini tumelibandika giza kwa wanaoteseka tukawaondolea wanaochukia, na Biblia imefanya kinyume kabisa. Fungua 1 Yohana 2:9: "Yeye asemaye kwamba yumo nuruni, naye amchukia ndugu yake, yumo gizani hata sasa." Yohana hatupi kipimo kingine. Hasemi aliyefilisika yumo gizani, wala aliyepoteza mimba, wala aliyeota ndoto mbaya. Anataja kumchukia ndugu, halafu mstari wa 11 anaongeza kwamba mtu huyo hajui hata aendako, kwa kuwa giza limempofusha macho.

Sasa tazama Injili yake. Sura ya 8 Yesu anasema, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Mstari wa 20 unatuambia alikuwa penye chumba cha hazina, hekaluni, na hazina ilikuwa katika ua wa wanawake. Mapokeo ya Wayahudi yaliyoandikwa katika Mishna yanasema kwamba wakati wa sikukuu ya vibanda, katika ua huohuo, ziliwashwa taa kubwa za dhahabu, na tambi zake zilitengenezwa kwa mavazi chakavu ya makuhani. Mwanga wake ulifika kila ua wa Yerusalemu. Sikukuu hiyo ndiyo iliyokuwa imefanyika katika sura ya 7. Kwa hiyo Yesu alikuwa anasimama mahali ambapo kila msikilizaji alikuwa na picha ya zile taa kichwani.

Kisha sura ya 9 inaanza na kipofu. Tangu azaliwe hajawahi kuona nuru hata siku moja. Kama kuna mtu ambaye wanafunzi wangeweza kumwita mtu wa giza, ni huyu. Nao wanauliza swali letu lilelile la Ijumaa usiku: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu ama wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Yesu anajibu kwamba huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Sura inaisha kwa wenye macho mazima, wataalamu wa torati, kumfukuza yule aliyeponywa, na Yesu kuwaambia kwamba dhambi yao inakaa kwa sababu wanasema wanaona.

Kila nikiisoma sura hiyo naona mikutano yetu. Karibuni tujadili.

Mlinzi wa Madhabahu

Mtoa mada, nakuheshimu lakini hapa unawazimia watu moto. Nguvu za giza zipo. Waefeso 6:12 inataja wakuu wa giza hili. Na umetaja kifafa: Mathayo 17 baba anamleta mwanawe mwenye kifafa, Yesu anakemea pepo, kijana anapona saa ileile. Utasema Yesu alikosea? Mimi nimeona watu wakifunguliwa kwa macho yangu. Usitufanye tuogope kuomba.

Mwana wa Machame

Mlinzi, asante kwa kuja na mistari, ndicho nilichotaka. Nguvu za giza zipo, sijazikana mahali popote, na kuomba tuombe.

Ila Waefeso 6:12 uisome tangu inapoanza. Kabla ya kutaja wakuu wa giza, Paulo anasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Maana yake mstari tunaoutumia kumnyooshea kidole mama mkwe ndio unaotukataza kufanya hivyo. Mama mkwe ni damu na nyama. Yule bibi wa jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka hamsini ni damu na nyama. Wangapi wamefukuzwa kwenye nyumba zao wenyewe kwa sababu mtu alisema "nimeonyeshwa"?

Kuhusu kifafa, ni Mathayo huyohuyo ambaye katika 4:24 anaorodhesha waliopelekwa kwa Yesu na kuwataja "wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza". Amewataja mbalimbali. Yesu alijua wa sura ya 17 ana nini. Mimi na wewe hatujui kwa kumtazama mtu akianguka. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na kina dawa. Mgonjwa akiambiwa aache dawa kwa ghafla ili "aonyeshe imani", degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kumuua. Muombeeni, mwekeeni mikono, na vidonge vyake ameze kwa wakati.

Mama wa Njiro

Ndugu zangu, mimi si mwandishi, nitasema kidogo.

Nilifiwa na mtoto. Baada ya mazishi nilikuwa siwezi kuomba. Nikifumba macho hakuna kitu, ni kama naongea na ukuta. Nilipomwambia mtumishi mmoja, aliniambia nimeruhusu giza liingie, nifunge na kutubu. Nikafunga. Nikatubu hata vitu ambavyo sikuvitenda. Nikawa nimebeba mizigo miwili, wa mtoto na wa kuambiwa kwamba kulia kwangu ni dhambi.

Mama mmoja mzee wa jumuiya yetu ndiye aliyekuja nyumbani, akakaa mkekani pale nilipokuwa, akanisomea Zaburi ya 88 yote. Hakuhubiri. Aliposoma hadi mwisho akafunga kitabu, akaenda jikoni kunipikia uji.

Swali langu kwenu mnaojua Maandiko: mtu asiyeona nuru kabisa, lakini hajamwacha Mungu, anahesabiwa wapi?

Katekista Mstaafu, Kibosho

Mama, pole sana. Mungu ampokee mtoto wako. Huyo mama mzee alijua anachofanya. Zaburi nyingi za maombolezo zinaanza kwa kilio na kuishia kwa sifa. Ya 88 haifanyi hivyo, inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia, na sisi Wakatoliki tunaisali katika Sala ya Usiku kila Ijumaa. Kanisa limempa mtu wa hali yako maneno ya kusali, na limemwambia asali pamoja na wengine wote.

Swali lako Isaya amelijibu, 50:10. Anazungumza na mtu anayemcha Bwana na kumtii mtumishi wake, kisha anasema mtu huyohuyo anakwenda gizani wala hana nuru, na anamwambia alitumainie jina la Bwana. Mcha Mungu na giza viko katika mstari mmoja, wala nabii hamtaki atubu kwa kuwa haoni.

Kuna giza lingine tena ambalo hatulihubiri. Kutoka 20:21, pale Sinai, watu walisimama mbali, naye Musa akalikaribia lile giza kuu ambalo Mungu alikuwapo. Mungu alikuwa ndani yake! Sulemani naye siku ya kuweka wakfu hekalu anakumbusha kwamba Bwana alisema atakaa katika giza nene, 1 Wafalme 8:12. Mtakatifu Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, aliyatazama maisha ya Musa akaona mpangilio: kwanza Mungu alimtokea katika mwanga wa kijiti kinachowaka, baadaye katika wingu, mwisho katika giza. Kwa Gregori, kadiri mtu anavyomkaribia Mungu ndivyo anavyotambua kwamba akili yake haiwezi kumzunguka, na hapo ndipo panapoitwa giza.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba alilijua kwa mwili wake. Desemba 1577 alikamatwa na kufungwa Toledo, Hispania, katika chumba kidogo chenye upenyo wa mwanga kwa juu tu. Waliomfunga walikuwa watawa wa shirika lake mwenyewe, ndugu zake, kwa sababu ya ugomvi wa marekebisho ya shirika. Alitoroka Agosti 1578. Mashairi yake makubwa juu ya usiku wa roho yanatoka katika kipindi hicho. Mtoa mada, hebu pima hapo kwa kipimo chako cha 1 Yohana: nani alikuwa gizani, aliyefungiwa au waliofunga mlango?

Na Mama Tereza wa Kolkata. Barua zake kwa waungamishi wake zilipochapishwa mwaka 2007, watu walishangaa kukuta kwamba kwa miaka karibu hamsini, karibu tangu aanze kazi yake kwa maskini, hakuwa akihisi uwepo wa Mungu katika sala. Aliamka alfajiri, akasali, akaenda kuwaosha wanaokufa. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016. Kwa hiyo Mama, unahesabiwa huko.

Mama wa Njiro

Katekista, nimesoma nimelia. Hilo la Isaya sikuwahi kuonyeshwa. Ubarikiwe.

Mwongoza Wageni, Marangu

Nimepita kimya tangu mwanzo, niongeze kitu kutoka kazini.

Usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro tunaondoka kambi ya Kibo karibu saa sita. Tunakwenda usiku kwa sababu changarawe huwa imeshikwa na baridi, haitelezi sana, na tunataka kufika kabla mawingu hayajapanda. Mgeni amevaa taa ya kichwani. Taa ile haimwonyeshi Gilman's Point wala Uhuru. Inamwonyesha visigino vya aliye mbele yake, basi. Wageni wanaosumbuka zaidi ni wale wanaoinua kichwa kila mara kumulika juu kutafuta kilele. Wanaona weusi mtupu, wanavunjika moyo. Ninawaambia: mulika miguu, pole pole.

Zaburi 119:105 inasema, "Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu." Ni taa ya miguu. Taa za wakati ule zilikuwa vibakuli vidogo vya udongo vyenye mafuta na utambi, zikitosha hatua moja mbili. Mtunga zaburi hakuahidiwa kuona mbali. Nadhani tunawadanganya vijana tunapowaambia ukiokoka utaona maisha yako yote yamenyooka. Binti ambaye hajaolewa, kama alivyosema mtoa mada, huenda ana taa yake vizuri kabisa na anatembea.

Kijana wa Sakina

Mnaongea vizuri lakini kuna kitu mnakizunguka. Hii lugha ya nuru na giza imetuumiza kama Waafrika. Wazungu wa karne ya 19 waliliita bara letu bara la giza. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893, Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuja Kilema mapema kidogo, wote wakiwa na ujumbe kwamba babu zetu wako gizani. Hadi leo picha za Sunday School zina malaika weupe na shetani mweusi. Binti yangu ameniuliza kwa nini. Mnajibu nini?

Mwana wa Machame

Kijana wa Sakina, hujatoka nje ya mada. Nadhani ndipo mzizi wa mada ulipo, kwa sababu hapo ndipo tulipofundishwa kumwona mtu wa giza kwa kumtazama.

Mimi ni mtoto wa misheni ile ya Machame, nimebatizwa na kanisa lililozaliwa nayo, na ninamshukuru Mungu kwa shule, hospitali na Injili yenyewe. Lakini tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, serikali ya Wajerumani ilimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, pamoja na viongozi wenzake mtini, hadharani, familia zikitazama. Dola iliyofanya hivyo ilikuwa ya Kikristo, ina makanisa, inawasha mishumaa ya Krismasi. Wamisionari si hao wanyongaji, nisiwachanganye. Ninasema tu kwamba asubuhi ile ukimpa mtume Yohana kipimo chake apime nani yumo gizani, asingeanza na aliyevalishwa kitanzi.

Na kwa binti yako: giza la Biblia halina ngozi. Waefeso 5:8 Paulo anawaambia Waefeso, watu wa pwani ya Asia Ndogo, "zamani ninyi mlikuwa giza". Amosi 5:18 anawaambia Waisraeli wenyewe, wenye sadaka na nyimbo, kwamba siku ya Bwana wanayoitamani itakuwa giza kwao, kwa sababu wanamkanyaga maskini. Nabii analipeleka giza hekaluni kwenye ibada iliyojaa. Mwonyeshe pia Wimbo Ulio Bora 1:5, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Halafu wanaofundisha Sunday School wachore malaika wanaofanana na watoto walio mbele yao, hilo halihitaji kikao cha sinodi.

Tena sisi wenyewe tuna mfano mzuri zaidi wa nuru. Mwalimu Nyerere mwaka 1959, kabla ya uhuru, alisema tungependa kuwasha mwenge tuuweke juu ya Kilimanjaro, na akataja utakachokipeleka: tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki, heshima palipojaa dharau. Desemba 1961 Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni. Mwalimu alikuwa mtu wa misa ya kila siku. Ukitazama vitu vitatu alivyovitaja, hakuna hata kimoja cha mali. Chuki imo, kama kwa Yohana.

Mlinzi wa Madhabahu

Mtoa mada, la damu na nyama limenikaa. Nitalipeleka kwenye kikundi chetu cha maombi. Lakini bado nasema tusiache kukemea.

Mwana wa Machame

Tusiache. Waefeso 5:11 inasema matendo ya giza yakemewe. Tuanze na hati ya kihamba iliyobadilishwa jina usiku.

Katekista Mstaafu, Kibosho

Niongeze la mishumaa kwa kuwa mtoa mada ameigusa. Mkesha wa Pasaka kanisa letu linazimwa taa zote. Moto unabarikiwa nje, mshumaa wa Pasaka unawashwa, shemasi anaimba "Mwanga wa Kristo", tunajibu "Tumshukuru Mungu". Ndipo kila mtu anapata moto kwa mshumaa wake, na anaupata kutoka kwa aliye jirani naye kwenye benchi. Nimehudumu parokiani miaka mingi, na nimewaona ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana wakijikuta benchi moja, huyu ana moto na yule hana. Nimewaona wakigeuka kuomba moto kwa mtu wa nyuma. Ninyi Walutheri mna mishumaa minne ya Majilio, desturi iliyoanzishwa na Johann Hinrich Wichern huko Hamburg mwaka 1839 kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea, ili wajue Krismasi imebaki siku ngapi. Ilianza kwa watoto ambao jamii ilikuwa imewatupa. Hilo nalo linaunga mkono hoja ya uzi huu.

Mdogo Mtu, Old Moshi

Nimesoma yote na nimeona niulize wazi. Mimi na kaka yangu hatuongei kwa sababu ya mpaka wa shamba. Baba alipofariki, nyumba ilibaki kwangu kama kitinda mimba, yeye anasema nimeingia kwake kwa mistari miwili ya migomba. Yuko Dar, anakuja Krismasi tu, tunakaa kanisa moja, tunaimba "Usiku Mtakatifu", tunarudi kila mtu kwake. Watoto wetu hawajuani. Simu zangu hapokei. Mtoa mada, umesema anayemchukia ndugu yumo gizani. Sasa mtu anatokaje?

Mwana wa Machame

Mdogo wangu, asante kwa kuuliza kwa jina la jambo lenyewe.

Mathayo 5 ina mji juu ya mlima na taa juu ya kiango, mstari wa 14 na wa 15. Mistari michache mbele, wa 23 na 24, Yesu anasema ukileta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Hasemi kama wewe una neno naye. Anasema kama yeye ana neno na wewe. Kwa hiyo hata kama una haki ya ile mistari ya migomba, hatua ya kwanza ni yako.

Usingoje Krismasi. Desemba nyumba zimejaa, kuna mbege, kuna shemeji, kila mtu ana la kusema, na kaka yako ataona aibu kushuka mbele ya watu. Nenda Dar sasa, au mwombe mjomba mnayemheshimu wote wawili aende nawe. Kabla ya kuondoka kata jani la isale pale kwenye mpaka wenyewe mnaogombania. Wewe ni Mchagga, unajua: isale ndilo linaloonyesha shamba linaishia wapi, na ndilo wazee walilolibeba walipokwenda kuomba msamaha, na aliyeletewa hakuweza kukataa. Mpe kabla hamjazungumza lolote la shamba. La mistari miwili mtapima baadaye kwa kamba, mbele ya mjomba na majirani wa pande zote mbili, na muandike. Ukiona ni haki kumrudishia mmoja, mrudishie.

Na uende na mtoto wako mmoja, ili binamu zake wamjue.

Mdogo Mtu, Old Moshi

Mjomba yupo Himo. Nitampigia leo jioni.